Mikono Iliyonisikilizia: Mama Jocelyne Nabintu Anastaafu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Jocelyne Nabintu anastaafu baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi katika Nyumba ya Usuluhishi, Troyeville, hapa Johannesburg. Aliingia akiwa karani wa mapokezi, akapanda kuwa katibu wa vikao, na anaondoka akiwa mwandishi wetu wa papo kwa papo, cheo ambacho hakikuwepo mpaka yeye alipokitengeneza. Wahariri wa jarida hili walitaka wasifu wake uandikwe na mtu asiye na upendeleo. Hawakumpata, ndipo wakanijia mimi.

Kwa msomaji mgeni, mimi ni Roy Kamande, msuluhishi wa migogoro katika nyumba hii, na masikio yangu hayafanyi kazi. Kwa miaka sita, kila neno lililosemwa mbele yangu kikaoni nimelisoma kwenye kioo cha kompyuta, likiandikwa na Mama Jocelyne wakati uleule linapotoka mdomoni mwa msemaji. Kwa hiyo mwezi wa Machi aliponiwekea mezani nakala ya barua yake ya kustaafu, sikufikiria sherehe wala keki. Nilijiuliza kama na mimi niandike ya kwangu. Msuluhishi asiyejua watu wanasema nini anakalia kiti cha bure, na nyumba yetu haina viti vya bure.

Lakini tuanze mwanzo, maana yeye mwenyewe hapendi mtu anayerukia katikati.

Mama Jocelyne alizaliwa Bukavu na kusomea ukatibu hukohuko, katika shule ya masista ambako wasichana walifundishwa kupiga taipu bila kutazama vidole, na hatimkato, ile namna ya kuandika kwa alama fupifupi ili mkono uende sawa na mdomo wa msemaji. Wao huiita sténo, na yeye hulitamka neno hilo kama mtu anayetaja jina la ukoo. Alifika Johannesburg na mumewe, Papa Firmin, ambaye hadi leo ni mlinzi wa jengo la ofisi mjini. Walipanga Joubert Park, ghorofa ya juu kabisa, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa kabla wao hawajafika.

Kwetu alikuja kwanza akiwa mlalamikaji. Alikuwa na ugomvi na mwenye nyumba aliyezuia vyombo vyao. Akiwa anasubiri zamu yake, alilisoma tangazo letu la mlangoni, akatoa kalamu mkobani, akaanza kulisahihisha. Papa Emery, ambaye siku hizo alikuwa mkurugenzi na sasa ni mwenyekiti wa bodi, alitoka ofisini kuona ni nani huyo anayechora mlango wake. Waliongea kidogo, na baada ya vyombo kurudishwa, Mama Jocelyne naye akarudi, safari hii kukaa upande wa pili wa meza.

Wafanyakazi wote tunazijua sheria zake. Meza yake haiguswi. Barua isiyo na salamu hairuhusiwi kutoka, hata kama ni ya kumtishia mtu mahakama. Anayeingia ofisini bila kusalimia anarudishwa mlangoni kuanza upya, na nimemwona kwa macho yangu akimrudisha Papa Emery mwenyewe, tena mbele ya wageni. Papa Emery alirudi, akabisha hodi, akaulizia watoto na wajukuu, ndipo akapewa faili lake.

Umaarufu wake mkubwa wakati huo ulikuwa kumbukumbu za vikao. Masista walimfundisha kwamba karatasi ya ofisi haina hasira, na yeye alilishika somo hilo kuliko mengine yote. Mwaka fulani washirika wawili wa saluni walitaka kupigana kwa kikausha nywele hapahapa katika chumba cha mikutano. Mimi ndiye niliyechomoa waya ukutani. Nilipoletewa kumbukumbu kutia sahihi, nilisoma kwamba pande mbili zilibadilishana mawazo kwa hisia kali na kikao kikaahirishwa kwa sababu za kiufundi. Tulicheka wiki nzima. Hakuna aliyeona hatari katika jambo hilo, na kusema kweli wateja walilipenda: mtu alikuwa akija kuchukua nakala yake anajikuta ni mstaarabu kuliko alivyokumbuka.

Kisha masikio yangu yakaanza kuniaga. Hayakuondoka kwa siku moja. Kwanza zilipotea sauti za wanawake na watoto, halafu mtu yeyote aliyekaa mbali, halafu aliyekaa karibu. Vifaa vya kuweka masikioni vilinisaidia kwa muda, baadaye vikawa vinaniletea kelele tu, mfano wa redio isiyoshika stesheni. Nilikuwa naficha. Nilitikisa kichwa, nilisema naam, nilitazama midomo. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi nilizaa aibu: siku moja nilimpongeza kwa furaha mama aliyekuwa ananieleza kwamba amefukuzwa nyumba. Mama Jocelyne alikuwa mezani pake. Alichukua kalamu, akaandika kwenye kipande cha karatasi kwamba mama huyu analia, akanisogezea.

Bodi ililijua jambo hilo mwaka 2018. Papa Emery alinijia kwa upole mkubwa, na upole huo ndio ulionitisha. Walikuwa tayari kuniaga vizuri. Mama Jocelyne aliomba apewe muda mpaka Krismasi ya mwaka uliofuata, bila kueleza ni muda wa kufanya nini. Nadhani hata yeye hakujua. Ila alikuwa mtu ambaye bodi ilikwisha kuzoea kurudishwa naye mlangoni, kwa hiyo wakampa.

Alijaribu kwanza zile simu zinazoandika zenyewe. Zilipatana na Kiingereza vizuri. Zilipomkuta Mkongo wa Uvira anayechanganya Kiswahili chake na Kifaransa, akijibiwa na fundi wa Kizulu, huku Mtanzania mmoja akiwapatanisha, zilichanganyikiwa zikaanza kuandika habari za hali ya hewa. Hatimkato yake ya penseli nayo haikufaa, maana alama zile alizisoma yeye peke yake, tena baada ya kikao.

Ndipo siku moja, katika mkutano wa chuo kikuu alikokwenda kutuwakilisha, akamwona msichana amekaa pembeni na mashine ndogo yenye vitufe vichache, na maneno ya wasemaji yakitokea ukutani papo hapo. Mama Jocelyne hakusikiliza mkutano tena. Alimsubiri yule msichana mpaka mwisho, akamsalimia kwa urefu unaostahili, kisha akamuuliza. Akaambiwa kwamba ile ni sténo, tena sténo hasa, ila inaandikwa kwa vitufe badala ya penseli. Mtu habonyezi herufi mojamoja. Anabonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja, kama apigaye kinanda, na akiachia, neno zima linatoka kwa mkupuo mmoja. Mashine yenyewe bei yake ilikuwa ya kununulia gari. Lakini kuna watu wa kujitolea, waliotawanyika duniani, waliotengeneza programu inayofanya kazi ileile kwenye kompyuta ya kawaida, na wanaitoa bure kwa yeyote anayeitaka. Wakatengeneza na masomo, na michezo ya kujifunzia, na ukumbi wa mtandaoni wa kuulizana maswali.

Kikwazo kilikuwa kibodi. Kibodi nyingi za ofisi hukataa vitufe vingi vikibonyezwa pamoja. Zinazokubali ni zile za vijana wanaocheza gemu, na iliyopatikana kwa haraka ilikuwa ya mtumba, yenye taa nyekundu, kijani na zambarau zinazokimbizana chini ya vitufe. Hakuna aliyejua namna ya kuzizima. Kwa hiyo katibu wetu mwenye heshima zake, blauzi imepigwa pasi na miwani kwenye mnyororo, akawa anakaa nyuma ya kitu kinachomwekamweka rangi zote. Mwenyekiti aliuliza kama tumefungua klabu.

Wahenga walikwisha kusema kwamba mzoea punda hapandi farasi. Vidole vyake vilikuwa vimepiga taipu maisha yote, na sasa vilitakiwa kusahau. Kwa miezi kadhaa alikuwa mwandishi wa polepole kuliko mtu yeyote ofisini, hata mlinzi wa geti. Michezo ndiyo iliyomwokoa. Kulikuwa na mmoja ambao maneno hudondoka kutoka juu kama mvua, nawe unatakiwa kuyaandika kabla hayajafika chini. Kulikuwa na mwingine wenye chura anayetaka kuvuka barabara. Ukibonyeza sawasawa anaruka hatua moja, ukikosea anabaki katikati ya magari. Mama Jocelyne aliua vyura wengi sana mwaka huo. Aliwalaumu kwa Kifaransa, kwa sauti ambayo sikuisikia lakini niliiona shingoni mwake.

Nyumbani, Papa Firmin aliyekuwa akifanya zamu ya usiku na kulala mchana alilalamika kwamba ameoa mashine ya kusaga. Mama Jocelyne alipeleka malalamiko hayo kwenye ule ukumbi wa mtandaoni, na mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua, akamshauri aweke blanketi chini ya kibodi. Papa Firmin akalala. Tangu siku hiyo alikuwa akiwaombea watu wa programu hiyo kanisani, bila kuwataja majina kwa sababu wengi wao walijiita wanyama na namba.

Katika michezo ile kuna orodha ya washindi, na jina lake lilikaa chini kabisa kwa majuma mengi. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Yeye alikubali kila siku, akarudi kesho yake, na jina likaanza kupanda.

Tatizo lililobaki lilikuwa lugha. Programu ile ilikuja na kamusi ya Kiingereza, yaani orodha inayoiambia kompyuta mkupuo gani ni neno gani. Mama Jocelyne aliuliza ukumbini kamusi ya Kiswahili iko wapi. Alijibiwa kwa adabu kwamba wao hawaijui, na kwamba kama anaitaka, aianze. Alinionyesha jibu hilo akiwa amekasirika kidogo. Kesho yake akaianza.

Mimi nilijivunia kumsaidia, maana sisi Wakenya, kinyume na ndugu zetu wa Dar es Salaam wanavyodhani, Kiswahili tunakijua. Tulikaa mchana baada ya mchana tukipanga. Aligundua kwamba maneno yetu yanajengwa kwa vipande vinavyorudirudi: ni-na, wa-li, tu-ta, hawa-ja. Akavipa vipande hivyo mkono wa kushoto, na mashina ya vitenzi akayapa mkono wa kulia, hivyo neno refu ambalo Mzungu angeliandika kwa sentensi nzima yeye alilitoa kwa mkupuo mmoja au miwili. Watu wa kujitolea walimrekebishia programu ilipogoma. Haba na haba hujaza kibaba. Kabla ya Krismasi ya 2019 alikaa kushoto kwangu katika kikao cha kweli, akazungusha kioo upande wangu, na mama mmoja wa Bezuidenhout Valley alipofungua mdomo kuzungumzia choo kinachovuja, nilikisoma kile choo chote. Nilitoa kitambaa nikajifuta macho. Watu walidhani nimeguswa na habari za choo.

Bodi ilinibakiza. Kisha ukaja ule mwaka wa kufungiwa majumbani, vikao vikahamia kwenye simu, na tukaendelea kama kawaida.

Sasa nifike mahali ambapo Mama Jocelyne aliniomba nisipafike. Nilimkatalia, naye akanijibu kwamba basi niandike yote, nisilainishe.

Wapangaji wa jengo moja la Joubert Park walikatiwa maji na mwenye nyumba, na tuliwaita wote kwa usuluhishi. Walikuja wengi, wamechoka kubeba ndoo. Nilitoa maelezo yangu, nikawaachia nafasi. Niliona mikono inarushwa, nikaona mshipa wa shingo wa kijana mmoja umetoka. Nikasoma kioo. Kiliniambia kwamba wapangaji wanamwomba msuluhishi azingatie pande zote, na kwamba wanathamini juhudi zake lakini wangependa kasi iongezeke. Nikawatazama kwa upendo. Niliwaambia nimeguswa na uungwana wao katika shida, na kwamba maneno yao yamenipa nguvu. Walisimama wote wakatoka nje.

Jioni nilipata ujumbe kwenye simu kutoka kwa Pandu, Mzanzibari mwenye duka Mayfair na mjumbe wa bodi yetu, aliyekuwa amekaa nyuma ya chumba siku hiyo. Aliniuliza hivi: "Kamande, watu wamekuita mwizi, wamesema umekula na mwenye nyumba, nawe unawapa asante. Ni ucha Mungu huo au dharau?"

Kesho yake nilimwonyesha Mama Jocelyne ujumbe ule. Alikaa chini akaanza kulia, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona analia ofisini. Aliandika kwamba hakukusudia kunidanganya. Mikono ilienda yenyewe kwenye adabu iliyofundishwa, na mara nyingine, alikiri, aliisaidia. Tangu masikio yaniache nilikuwa mnyonge, na hakutaka mambo mabaya yanifikie kwa mikono yake. Nilimkasirikia sana. Nilimpenda sana pia, kama ndugu, na sikujua niseme lipi kwanza. Mkubwa ni jalala, watu lazima wapate pa kutupia, na yeye kwa huruma alikuwa ameweka mfuniko. Matusi yale yalikuwa ndiyo malalamiko yenyewe, nami bila kuyajua sikuwa na cha kusuluhisha.

Bodi ilianza tena kuzungumzia kuniaga, safari hii bila upole. Lakini kabla hawajakutana, Jumapili baada ya misa, Mama Jocelyne alivaa kitenge chake kizuri, akanichukua mimi na Pandu, akatupeleka kwenye lile jengo. Lifti ilikuwa imekufa, kama lifti za huko. Alipanda ngazi ghorofa kwa ghorofa akibisha milango, na kila palipofunguliwa alisalimia kwa ukamilifu, akaulizia watoto, kisha akasema neno lake. Mimi nilisimama nyuma yake sijui kinachosemwa. Pandu aliniandikia kwenye simu, na maneno yalikuwa yaleyale kila mlango: "Papa huyu hakuwazarau. Ni miye nilimuficha maneno yenu. Mukuje tena muyaseme, nitayaandika yote."

Si wote waliomwelewa. Mlango mmoja ulifungwa akiwa bado kwenye salamu. Lakini ghorofa ya mwisho alikuta mama mmoja aliyetoa viti nje, akatuletea Fanta, akatuambia tupumzike kabla hatujafia kwao. Juma lililofuata walirudi, na wakayasema tena. Safari hii niliyasoma yote: mwizi, mla rushwa, Mkenya wa mwenye nyumba. Kijana yule wa mshipa alikuwa na shutuma moja ya kweli, kwamba nilikutana na mwenye nyumba peke yake bila kuwaambia. Nilikiri nilikutana naye, nikaeleza kwa nini, nikaomba radhi kwa kutowaarifu. Tukaanza kuongea. Maji yalirudi kabla mwezi haujaisha, na bodi ikapata mambo mengine ya kuzungumza.

Tangu hapo Mama Jocelyne anaandika kilichosemwa, kama kilivyosemwa, kwa lafudhi ya aliyekisema. Faida yake ni kubwa, na hasara yake nimeibeba mimi. Kwa miaka mingi nilidhani mimi ni mchekeshaji. Alianza kuniwekea mabano. Nikitoa kichekesho, kioo kinaandika: (kimya). Siku moja kiliandika: (hakuna aliyecheka, mmoja ametazama saa).

Jambo lingine alilotuachia ni Jumamosi. Aliwaomba wale wa kujitolea wamtengenezee ule mchezo wa chura kwa Kiswahili, wakakubali, akawapelekea maneno. Kwa kuwa maneno aliyoyajua zaidi ni ya ofisi, chura wetu anavuka barabara kwa kuandika pingamizi, makubaliano, mwenye nyumba na sufuria. Chumba cha mikutano hufunguliwa asubuhi, kompyuta zote huwashwa, na anayetaka anakuja kucheza. Watoto wetu waliozaliwa hapa, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza au Kizulu, walikuja kwa ajili ya chura wakaondoka na maneno. Baba mmoja alinilalamikia kwamba bintiye amewasilisha pingamizi kuhusu mboga.

Murielle hakuja kwa ajili ya chura. Huyu ni msusi wa Joubert Park, mzaliwa wa Lubumbashi, mwenye sauti ambayo naambiwa inasikika mpaka kwenye robot, yaani taa za barabarani, ya kona ya pili. Ndiye anayemsuka Mama Jocelyne. Kusukwa ni kazi ya kutwa, na Mama Jocelyne, asiyependa kupoteza muda, alikuwa akienda na kompyuta na ile kibodi ya taa, anafanya mazoezi huku anasukwa. Murielle alitazama kwenye kioo cha saluni kwa miezi. Hatimaye alishindwa kunyamaza: "Eish, Maman, ile kidole yako ya mwisho inachelewaka." Mama Jocelyne aliudhika, akamwambia ajaribu yeye. Murielle alijaribu, akafanya vibaya mno, akaua chura kumi kabla ya chai. Lakini hakuwa na vidole vya kusahaulisha taipu, na hakuona ajabu kuvipa kazi tofauti vyote kwa wakati mmoja. Jumamosi iliyofuata alikuwa mlangoni kwetu. Aliingia bila kusalimia, akarudishwa.

Hilo lilikuwa miaka mitatu iliyopita. Ilipokuja barua ya kustaafu mwezi Machi, Mama Jocelyne alikwisha kuwa na jina la mrithi, mimi ndiye niliyekuwa sina imani. Murielle alikuwa anaweza kufuata mtu mmoja anayeongea taratibu. Wakiongea watatu kwa pamoja, na kwetu huongea watatu kwa pamoja, alibaki nyuma, na mimi nilibaki nyuma yake. Mara mbili nilimwomba Mama Jocelyne aahirishe kustaafu. Alinijibu kwamba amewaahidi wajukuu, na kwamba woga wangu si sababu ya kiofisi. Aliongeza mazoezi badala yake. Kila jioni saluni ikifungwa, Murielle alikuja, na Mama Jocelyne akamsomea kumbukumbu za ugomvi wote wa nyumba hii tangu 2001, zile alizozilainisha, akizirudishia matusi yake kutoka kichwani.

Mwezi uliopita tulikuwa na kikao cha wamiliki wa vibanda na spaza, yale maduka madogo ya mitaani, wa Bertrams, kikao kigumu, chumba kimejaa. Nilipoingia, Murielle alikuwa amekaa kushoto kwangu. Mama Jocelyne alikuwa safu ya nyuma, mikono imelala mapajani, kama mgeni. Kikao kikaanza, na maneno yakaja. Yalichelewa kidogo, kisha hayakuchelewa. Waliongea watatu, nikawasoma watatu. Nilikuwa nimesahau kuogopa nilipoona mkono umenyooshwa kule nyuma, nikatoa nafasi kabla sijaona ni wa nani.

Alikuwa Mama Jocelyne. Alisimama, akarekebisha miwani, akaanza kuongea, na nikatambua jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Kwa miaka sita nilisoma maneno ya kila mtu aliyeingia katika chumba kile, wezi na wachungaji, watoto na mawakili, isipokuwa yake. Mikono yake ilikuwa na kazi ya kubeba ya wengine, na anayeandika hasemi. Sikumbuki mara ya mwisho kuisikia sauti yake. Ilikuwa miongoni mwa za kwanza kupotea. Niligeukia kioo kwa haraka, nikiomba Murielle asikose hata moja.

Hakukosa. Kioo kiliandika: "Papa Roy, siku zote niko nataka kukuambia kintu kimoja, lakini mikono haikukuwa na nafasi. Unapigaka makelele sana. Ni weye njo hausikie. Siye tunasikia."

Kisha kikaandika: (kicheko, chumba kizima).

Nilicheka mpaka nikavua miwani. Mama Jocelyne hakukaa. Alisubiri watu watulie, akasema tena, na nikasoma kwamba yule mama wa kibanda cha mboga, aliyekaa karibu na dirisha, ameinua mkono kwa muda mrefu na hakuna aliyemwona. Ndipo akaketi. Nilimpa mama wa mboga nafasi, kwa sauti ya chini, na yeye ndiye aliyeleta pendekezo tuliloafikiana kabla ya saa sita.

Murielle anaanza kazi rasmi Jumatatu, tarehe 1 Desemba, na mimi nipo. Kamusi ya Kiswahili iko mtandaoni, bure, na watu wa Mwanza, Bujumbura na Nairobi wanaiongezea maneno, ingawa Mama Jocelyne bado anawarudishia wasioanza ujumbe wao kwa salamu.

Kwa niaba ya bodi, wafanyakazi wenzako, na wote waliopanda ngazi zetu wakiwa na hasira wakashuka bila hiyo, asante, Mama Jocelyne. Asante kwa Papa Firmin aliyevumilia kelele ili mimi nipate kusikia. Nenda salama ukakae na wajukuu, ule umekaa, ulale mchana. Umebeba maneno ya watu kwa muda mrefu mno. Mungu akujalie miaka mingi ya kusema yako, na kila utakapotaka kuyasema hapa, mlango uko wazi, kiti chako kiko safu ya mbele, na nitasoma.